Maji Niliyoupa Ufa

Juni 2, Jumapili

Mlango wa bafu hauingii tena kwenye fremu. Mwaka jana uligoma katikati ya Julai. Mwaka huu umetangulia wiki sita. Nimechukua penseli na kuandika tarehe ukutani, pale unapoishia ufa unaoshuka kutoka kona ya dari ya korido, kama ninavyofanya kila kiangazi. Kisha nimeweka gololi ya kijani, aliyokuwa akichezea binti yetu Rosalie utotoni, sakafuni kando ya friji. Imebingirika hadi kwenye jiko kwa sekunde kumi na moja. Mwaka jana, juma kama hili, ilikuwa kumi na tisa.

Mume wangu Emil alikuwa akinitazama, kikombe cha kahawa mkononi.

"Mama Rosalie, nyumba haijui kwamba unaipima."

"Afadhali isijue. Ingejua ingejikaza."

Juni 3

Nimetandaza mpira wa maji wenye matundu kuzunguka nyumba, futi moja na nusu kutoka ukutani. Kwingine watu humwagilia maua. Sisi huku humwagilia nyumba. Udongo huu mweusi ukinywa maji huvimba, ukikauka hunywea na kupasuka, na nyumba iliyokaa juu yake huenda nao. Upande wa magharibi, unaopigwa na jua la mchana, ndio unaonitia wasiwasi. Chumba chetu cha kulala kiko huko.

Juni 14

Tangazo la mji limekuja. Kumwagilia ni Jumatatu na Alhamisi tu, kabla ya saa nne asubuhi. Mvua ya mwisho ilikuwa Mei 9.

Juni 16, Jumapili

Rosalie amekuja kutoka Dallas baada ya misa. Nilikuwa nimeoka kolachi, vile vimkate vitamu, za plamu, na nilikuwa nimetundika kalenda ya parokia juu ya ufa wa korido. Alikula kolachi tatu, akaenda kunawa mikono, akarudi ameshika kalenda.

"Mama, leo ni Juni. Kalenda inasema Februari."

"Sijapata nafasi ya kuigeuza."

"Wewe? Unayeandika tarehe hata kwenye mayai?"

Akanipeleka koridoni na kuingiza kidole chake kwenye ufa, hadi kwenye kucha. Akasema kuna nyumba karibu na kwake, vyumba viwili, ghorofa ya chini, jengo jipya. Emil alisikia kutoka kwenye kiti chake.

"Zege la nyumba hii nililimwaga mimi na marehemu Alvin kaka yangu, siku mbili bila kulala, mwaka sitini na nane. Nitatoka humu nikiwa nimebebwa."

"Ndicho ninachokiogopa, baba. Kubebwa. Mkiwa mmelala na paa juu yenu."

Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho Rosalie akachukua penseli yangu na kuchora mstari mfupi ukutani, inchi nane juu ya fremu ya mlango wa chumba chetu.

"Ufa ukifika hapa kabla ya Novemba, mnahama. Ukiishia hapo juu, sitafungua mdomo tena. Tumekubaliana?"

Emil akasema ndiyo haraka mno, kama mtu anayetaka mgeni aondoke. Nami nikasema ndiyo. Nimepima baada ya gari lake kuondoka: kutoka ncha ya ufa mpaka mstari wa Rosalie ni inchi tano na robo.

Juni 24

Tano kasoro robo.

Julai 4

Fataki za sikukuu ya uhuru zimepigwa marufuku kwa sababu ya ukame. Tumekula soseji na kulala mapema.

Julai 9, Jumanne

Bwana Tate yuko uani kwake na ile nondo yake ndefu ya chuma. Ni jirani yetu wa nyuma, ng'ambo ya uchochoro unaopitisha mabomba ya maji na gesi. Hollis Tate alichimba makaburi ya wilaya hii miaka thelathini na moja, na nondo hiyo ndiyo aliyokuwa akichomea ardhini kutafuta majeneza ya zamani kabla ya kuchimba mapya. Alipostaafu alirudi nayo nyumbani. Huichoma chini, huinamisha kichwa, huivuta na kunusa ncha yake. Leo aliichoma karibu kabisa na uchochoro, akaniona nikimtazama, akavua kofia.

"Bi Leona. Kiu ya mwaka huu imeshuka futi nne."

"Hiyo ni habari njema au mbaya, Bwana Tate?"

"Kwa aliyelala futi sita haina neno. Kwa sisi wa juu, tutaona."

Emil humcheka sana. Mimi sipendi mtu anayetazama ua wangu kama anapima urefu wa mtu.

Julai 15

Inchi tatu na nusu. Joto nyuzi mia na nne za Farenhaiti kwa siku ya kumi na moja.

Julai 18, Alhamisi

Nyufa za uani zilikuwa za kuingiza vidole. Leo nimekuta mmoja, upande wa magharibi, unaofuatana na ukuta wa chumba chetu kama uliokatwa kwa kisu. Nimeingiza mpini wa ufagio. Umezama wote, na ufagio umebaki umesimama peke yake. Nilipiga magoti, nikatazama ndani, na hewa ikanipiga usoni, kavu, ya baridi kidogo. Chini sikuona kitu.

Sikumwita Emil. Tangu moyo wake ulipomsumbua majira ya kuchipua, sipendi ainame, na sipendi aogope.

Nilichofanya nakiandika hapa kwa sababu daftari hili ni la ukweli. Mpira wa matundu hutoa maji kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nimechoka na kidogo kidogo. Nimefungua mpira mkubwa, nikauingiza ndani ya ufa futi tatu, nikauacha tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne. Maji hayakujaa. Hayakuonekana hata kidogo. Ardhi iliyameza kimya kimya.

Bwana Tate alikuwa akitoa takataka. Alisimama.

"Bi Leona, udongo huu hunyweshwa kwa ngozi. Ukiunywesha kwa koo, utapaliwa."

Nikamwambia asante. Sauti yangu haikuwa ya shukrani.

Julai 19

Nimeupa tena, kwa muda wa saa moja na nusu. Leo si siku yetu.

Julai 20

Nimeupa tena. Emil akaniuliza juu ya mpira. Nikamwambia nauosha.

Julai 22, Jumatatu

Mlango wa bafu umefunga. Nimeufunga na kuufungua mara sita, kwa raha ya kusikia kitasa kikiingia mahali pake. Gololi imechukua sekunde kumi na sita. Ufa wa korido haujashuka hata unywele.

Nimemwimbia Emil wakati wa kupika. Akaniuliza nani ameoa.

Julai 25

Barua kutoka mjini. Mtu amepiga simu kwamba nyumba yetu inamwaga maji siku zisizoruhusiwa. Mara ya pili watafunga bomba. Jina la aliyepiga halikuandikwa, lakini kutoka uani kwangu inaonekana nyumba moja tu.

Nimevuta pazia la dirisha la jikoni. Ninapika bila kumwona.

Agosti 1, Alhamisi

Mlango wa bafu unafunga. Sasa mlango wa jikoni hauwezi kufunguka. Emil ameusukuma kwa bega mpaka nikamwambia aache.

Nimeweka gololi kando ya friji. Ilisita kidogo, kisha ikaanza kurudi nyuma. Nimeirudia mara nne, na mara zote nne ikaelekea mashariki, mbali na jiko, ikapita chini ya meza na kugonga ukuta. Miaka hamsini na kitu gololi katika nyumba hii imekwenda magharibi. Nimekaa sakafuni, nimekumbatia magoti kama mtoto, na sikujua niandike nini. Naandika hivi: upande nilioupa maji umeinuka.

Agosti 6

Saa saba mchana, tukila, mlio kama wa bunduki. Emil akadondosha kijiko. Kioo cha dirisha la chumba chetu kimepasuka kutoka kona hadi kona, na hakuna aliyekigusa.

Ufa wa korido umeshuka inchi moja tangu asubuhi. Imebaki mbili na nusu.

Agosti 7

Nimekoma kuupa maji. Mpira wa matundu tu, Jumatatu na Alhamisi.

Agosti 12

Kuna kipande cha nyasi kinachokufa, upande wa magharibi, kati ya uchochoro na kona ya chumba chetu. Ni kipana kama meza. Nyasi zetu zote ni za kahawia mwaka huu, ila hizi zimekuwa nyeupe, na ukizivuta zinang'oka na mizizi yake kama nywele za mgonjwa. Nimehamishia mpira wa matundu hapo.

Agosti 15, Alhamisi, Kupalizwa kwa Mama Maria

Misa. Padri akatuombesha mvua. Ukumbini baadaye wanawake wote walikuwa wakizungumzia milango. Vlasta alisema wa kwake unafunguka wenyewe usiku na yeye huusalimia, huenda ni marehemu mume wake anarudi kutafuta miwani. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikarudi nyumbani na kupima. Mbili na robo.

Agosti 19

Kipande cheupe sasa kina urefu wa mtu. Nimekinywesha sawasawa na kwingine, hata zaidi. Sisimizi waliokuwa na kichuguu pembeni yake wamehama. Nimefuatilia njia yao mpaka kwenye banda. Mti wetu wa pekani uliosimama hapo umeanza kuangusha majani, na matunda yake bado ni mabichi.

Bwana Tate alikuwa uchochoroni. Niliamua kutomsalimu. Akanisalimu yeye.

"Bi Leona, nyasi zile zinafia maji mdomoni."

"Ni ukame, Bwana Tate. Umewahi kuusikia?"

"Nyasi inayokufa ukiinywesha haina kiu. Inakosa pumzi." Akaonyesha kwa nondo yake, bila kuvuka mpaka. "Kuna kitu chini kinakaa mahali pa hewa. Niruhusu nichome mara moja tu."

Nikamwambia kwamba aliyepiga simu mjini kuhusu maji yangu hana ruhusa ya kuchoma chochote katika ua wangu. Hakukana. Akavaa kofia akaenda zake.

Nimekwenda mwenyewe, nikainama, nikanusa ardhi. Harufu ya vumbi. Nimemwita Emil anuse, nikamwambia natafuta panya aliyekufa. Vumbi, akasema. Basi ni ukame.

Agosti 28

Inchi moja na nusu. Rosalie amepiga simu. Nimemwambia tatu.

Septemba 3

Usingizi haunijii vizuri. Kichwa kinaniuma asubuhi, na Emil pia analalamika, lakini anasema ni kelele za penseli yangu ukutani.

Septemba 10

Redio inasema mvua Jumamosi. Emil ametoa mshumaa wake wa Februari. Mama yake aliuwasha kila ngurumo ilipopiga, na mama wa mama yake huko Moravia, Ulaya, kabla yake: mshumaa uliobarikiwa kanisani siku ya pili ya Februari, unawekwa dirishani radi inapokuja, na moto wa mbinguni unapita nyumba. Ameupangusa kwa kitambaa na kuuweka kwenye dirisha la chumba chetu, mbele ya kioo kilichopasuka.

"Mwaka mzima haujaguswa," akasema. "Utakuwa umesahau kuwaka."

Nimemkuta akipanda kiti kutafuta kiberiti juu ya kabati. Nimemshusha. Nimehamishia kiberiti kwenye kopo tupu la sukari, mahali pa chini.

Septemba 14, Jumamosi

Haikunyesha.

Septemba 20, Ijumaa

Leo nimefanya jambo ambalo sijawahi kufanya.

Ufa umefika kwenye mstari wa Rosalie saa mbili asubuhi. Saa sita ulikuwa umeupita kwa unene wa penseli. Miaka ishirini na sita nilisimamia mizani ya magari ya pamba pale kiwandani, na hakuna mkulima aliyewahi kusema Leona Marek aliongeza au kupunguza ratili moja. Nimechukua kifutio. Nimefuta mstari wa binti yangu, nikauchora upya inchi mbili chini yake.

Kisha nimekaa kitandani na kuangalia ukuta. Ninaiogopa nyumba hii. Nilikuwa sijaliandika neno hilo. Nikilala nasikia zege likinong'ona chini ya kitanda, tik, tik, kama mtu anayevunja njiti moja moja. Ninaiogopa, na nimeghushi ili tubaki ndani yake. Sielewi jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa katika kifua kimoja.

Septemba 22, Jumapili

Naandika haya mezani kwa Hollis Tate. Daftari lilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tisa alasiri mawingu yalikuja kutoka kaskazini, meusi, na upepo wa baridi mbele yake. Majirani walitoka nje. Mtu alipiga makofi. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa kama vifungo vya koti, na vumbi likaruka. Baada ya dakika tano mvua ilikuwa inashuka kwa ndoo. Nilisimama mlango wa nyuma, nikalia. Siku mia moja thelathini na sita.

Nyufa zilikunywa kwa nusu saa. Niliona ule wa magharibi ukijaa, midomo yake ikilainika na kufungana. Nikasema moyoni, asante, sasa umefunga, sasa tutapona. Dimbwi likakaa juu ya kile kipande cheupe, kwa sababu ardhi pale ilikuwa imedidimia. Nilichukua beseni kukinga maji ya paa kwa ajili ya maua.

Umeme ukakatika. Radi ilipiga upande wa reli, na nyumba ikatikisika.

Emil akaniita kutoka chumbani. "Mama Rosalie, kiberiti umekificha wapi?"

"Kwenye kopo la sukari."

Nilimjibu bila kugeuka. Nilimsikia akija jikoni, akifungua kopo, akirudi chumbani taratibu kwa zile ndara zake. Mimi nilikuwa natazama dimbwi.

Mvua ilipungua ghafla, kama inavyofanya kabla ya kuanza tena. Uso wa maji kwingine ukatulia. Juu ya kipande cheupe haukutulia. Mapovu yalikuwa yakitoka chini, makubwa kama mayai, moja likipasuka lingine likija. Mwanzoni nilidhani ni hewa ya nyufa inayosukumwa na maji. Lakini hayakupungua. Na yalikuwa yamejipanga. Yalianzia uchochoroni, kwenye mita ya gesi, yakaja kwa mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mpaka kwenye kona ya chumba chetu cha kulala, pale pale nilipouingiza mpira ndani ya ufa.

Inakosa pumzi, alisema. Kuna kitu kinakaa mahali pa hewa.

Gesi sisi huitumia majira ya baridi tu. Emil huzima hita Pasaka, na kuanzia hapo tunasahau kwamba kuna bomba. Kiangazi chote nyufa zilikuwa wazi, na chochote kilichokuwa kinavuja kilikwenda angani. Sasa mvua ilikuwa imezifunga zote. Nilikuwa nimeishukuru kwa hilo. Ikiwa hakiwezi tena kupanda juu, kitaenda upande, chini ya zege, na kutokea penye tundu. Na chumba chetu kina matundu, nimeyaandikia tarehe.

Nilikimbia na beseni mikononi, sijui kwa nini sikuliacha. Korido ina hatua tisa. Mlango wa chumba ulikuwa nusu wazi. Emil alikuwa amenipa mgongo, ameinama dirishani, mshumaa mkono wa kushoto, na niliona kiwiko cha kulia kikivutwa nyuma kama mtu anavyofanya kabla ya kusugua njiti.

Nikammwagia beseni zima.

Aligeuka. Maji yalikuwa yanamtiririka puani. Alikuwa bado ameshika kiberiti kwa mkono mmoja, na njiti, iliyolowa, kwa mwingine.

"Leona," akasema. Hajaniita Leona tangu Rosalie azaliwe.

"Usiguse kitu. Weka chini. Twende."

"Viatu vyangu..."

"Twende, mzee. Twende hivyo hivyo."

Nilimshika mkono, naye kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakubisha. Tulitoka mlango wa mbele, mvua ikaanza tena, tukazunguka mbali kupitia kwa jirani wa pili hadi uchochoroni. Hollis Tate alikuwa tayari amesimama barazani kwake. Alimwona Emil na ndara zake, akaniona mimi na beseni, akatazama ng'ambo ya ua wangu, kwenye dimbwi. Alitutoa barazani, tukaenda wote watatu mpaka mwisho wa mtaa, na huko akapiga simu.

Wazima moto walifika, na watu wa gesi nyuma yao. Tulisimama chini ya mti wa watu. Emil hakuacha mshumaa; ulikuwa ndani ya shati lake. Mtu mmoja kijana, mwenye kipimo cha gesi kinacholia, aliingia nyumbani. Tulikisikia kipimo kutoka mtaani.

Alipotoka alikuja taratibu, na nilijua kwa mwendo wake.

"Nani alikuwa analala chumba cha magharibi?"

"Sisi," Emil akasema.

"Kwenye soketi nyuma ya kitanda kinalia mpaka mwisho. Kulikuwa na chochote kinachowaka?"

Emil aliingiza mkono ndani ya shati, akashika mshumaa.

"Lakini haikunuka," nikasema. "Niliinama nikanusa. Wote wawili tulinusa."

"Udongo huu mweusi hula harufu, bibi. Gesi ikipita ndani yake futi kumi au kumi na tano, inatoka haina kitu. Ndiyo inayotuogopesha kuliko zote."

Septemba 24, Jumanne

Bado tuko kwa Bwana Tate. Wamechimba. Nimekwenda kuona, kwa sababu ni lazima nione. Bomba la chuma, la zamani kama nyumba. Kwenye kona yetu udongo ulikuwa umeinuka kwa wingi mahali pamoja na kukaa palepale kwingine, na bomba limekatika kwenye kiungo kama fimbo ya muwa. Fundi aliniuliza kama tulikuwa na mfereji uliopasuka hapo, maana chini palikuwa pamelowa sana.

"Hapana," nikamwambia. "Ni mimi."

Jioni nilimwomba radhi Hollis kwa ajili ya nyasi na kwa ajili ya pazia. Kuhusu simu ya mjini nikasema haina maana tena, alikuwa na haki ya kupiga.

Hollis alikuwa akikoroga maharage. Akamtazama Emil. Emil akatazama sahani.

"Mwambie, bwana," Hollis akasema. "Nimekubebea mzigo wako miezi miwili, mgongo unaniuma."

Emil akasafisha koo. "Nilipiga mimi."

"Wewe?"

"Hollis aliniambia maji yale yatainua nyumba. Nilijaribu kukwambia. Ukaniambia unaosha mpira." Akazungusha kijiko. "Nilikuogopa wewe kuliko ufa, mama Rosalie."

Nilitaka kukasirika. Nilikumbuka kifutio.

Oktoba 6, Jumapili

Tumerudi. Bomba jipya, la plastiki, linalopinda. Rosalie amekuja. Kabla hajavua koti nimempeleka koridoni, nikaondoa kalenda, nikamwonyesha mahali mstari wake ulipokuwa na mahali nilipouhamishia.

Akapitisha kidole juu ya mstari wangu.

"Nilijua wiki iliyopita, mama, nilipopita kuwachukulia nguo. Wa kwangu ulipinda. Huu umenyooka."

"Basi tutahama. Ahadi ni ahadi."

"Nilichora mstari ili niwe na mtu mwingine wa kuwalazimisha. Ukuta." Akafuta macho. "Sitachora mwingine. Semeni wenyewe mnaogopa nini zaidi."

Emil akasema tukae mpaka Februari, mshumaa ubarikiwe upya, halafu tutazungumza. Rosalie akanitazama mimi. Nikasema Februari.

Oktoba 18

Gololi: sekunde ishirini na mbili, magharibi. Hollis amechoma nondo yake mahali kumi na mbili kuzunguka nyumba, nami nimeandika kina cha kila mahali. Ananifundisha kusikia tofauti kati ya udongo uliolowa na uliojidanganya.

Novemba 2, Jumamosi

Makaburini asubuhi, kwa Alvin na wazee. Hollis alikuja nasi, akatuonyesha ni lipi alilichimba wakati gani na ardhi ilikuwaje siku hiyo.

Saa tisa ngurumo. Umeme haukukatika, lakini Emil aliuleta mshumaa mezani na kuuweka mbele yangu, na kiberiti pembeni yake, akangoja.

Nilikwenda mlango wa nyuma. Mvua ilikuwa ya kawaida. Dimbwi lilikuwa mahali pake, juu ya nyasi mpya. Kila tone likilipiga linatoa povu dogo, na nilisimama nikiyaangalia mpaka mvua ikapungua, ili nione yapi ni ya juu na yapi ni ya chini. Maji yakatulia. Nilihesabu hadi mia tatu. Yalibaki yametulia.

Nilirudi nikamwambia anaweza kuwasha.

Akashika njiti. "Una hakika?"

Nimetoka tena kuangalia.